Nusu Maili ya Mkono wa Kulia

Duka la ushirika la Svenby, huko magharibi mwa Minnesota, linauza mbegu, chumvi ya ng'ombe, mikanda ya trekta na glavu za aina moja tu. Kati ya magunia ya chakula cha kuku na kaunta kuna benchi la kanisa. Kanisa lenyewe lilifungwa, waumini wakahamia la mjini, benchi likahamia kwenye kahawa. Hapo ndipo Kata ya Svenby inapotawaliwa kila asubuhi isipokuwa Jumapili, na watu wanne ambao ukijumlisha umri wao unakaribia miaka mia tatu. Kata ni mraba wa maili sita kwa sita, wakazi tisini na wanne, ukumbi mmoja usio na choo cha ndani, na greda moja. Katiba haipo, ila birika lina sheria: anayemimina kikombe cha mwisho ndiye anayepika kahawa nyingine. Kwa sababu hiyo tangu saa mbili asubuhi birika lilikuwa limebaki na kikombe kimoja. Aliyeona kiu alijimiminia nusu, aliyefuata robo, na sasa kilichobaki kingemtosha shomoro, lakini kilikuwa hakijaisha, na hakuna aliyekuwa na mpango wa kukimaliza.

Ilikuwa Machi. Theluji ya mwaka huo ilichelewa sana, halafu ikaja yote kwa pamoja, mara tatu ndani ya wiki mbili. Mjadala wa benchi ulikuwa Barabara ya Mpakani, ile maili moja inayotenga Svenby na jirani zao wa Harlow walio upande wa kaskazini.

— Hebu rudia, Doreen, alisema Profesa. Taratibu, kama unamwambia mtu asiyejua kitu.

— Si kazi ngumu hiyo, nikikutazama wewe.

Profesa, ambaye jina lake ni Lyle Ostrum, hajawahi kufundisha somo lolote. Aliendesha basi la shule miaka thelathini na miwili, na hujigamba kwamba hakuna mwalimu aliyefika shuleni mara nyingi kumshinda. Doreen Huff ndiye karani wa kata. Kitabu cha mihtasari hukaa nacho kwenye kapu la nyuzi zake za kufumia, ndiyo maana kumbukumbu za Svenby zina manyoya.

— Jana mchana kanipigia mwenyekiti wa Harlow, alisema Doreen. Kaniuliza, "Karani, mbona nusu yenu ya Barabara ya Mpakani hamjaisafisha theluji?" Nikamwambia nusu yetu imesafishwa mara tatu, ninyi je? Akasema na yao imesafishwa mara tatu. Nikamuuliza, yenu ni ipi? Akasema, ya magharibi.

— Ya magharibi ni yetu, alisema Greda.

— Ndicho nilichomwambia.

— Na ya mashariki?

— Ya mashariki anasema ni yetu. Mimi nikamwambia ni yao. Tukanyamaza wote wawili mpaka nikawa nasikia saa yake ya ukutani.

Greda alivua kofia akaishika magotini. Jina lake Wendell Krahn, lakini hilo liko kwenye leseni tu. Ndiye mwajiriwa pekee wa kata na ndiye dereva wa greda, na mkewe aliwahi kusema hadharani kwamba angependa naye siku moja apakwe grisi kwa uangalifu ule.

— Yaani ile nusu ya magharibi tunaisafisha sisi na wao?

— Miaka thelathini na mmoja, alisema Doreen.

— Ndo maana. Kila Alhamisi nikifika pale naikuta imelala kama shuka. Nikawa najiambia, Wendell, wewe ni fundi bwana, kazi yako inadumu.

— Wao hupita Jumatano.

— Nimeelewa, Doreen. Usinimalize.

Mtu wa nne pale benchini, Arvid Mostad, mwenyekiti wa kata, alikuwa anatazama buti zake. Kwa kawaida yeye ndiye hucheka wa kwanza, hasa akichekwa mwenyewe.

— Mwenyekiti, kulikoni leo? aliuliza Profesa. Hii si nchi yako?

— Nchi yangu wapi. Mimi nilichaguliwa nikiwa chooni.

Wakacheka, ingawa hadithi hiyo wanaijua kuliko sala. Kila Jumanne ya pili ya Machi wakazi hukutana ukumbini na kuchagua viongozi kwa kunyoosha mikono, na kwa kuwa kazi hakuna anayeitaka, hupewa asiyekuwepo. Mwaka ule Arvid alitoka kidogo kwenda choo cha nje. Akiwa humo akasikia makofi kupitia mbao, akajiuliza nani masikini ya Mungu kapatikana. Alipata kura kumi na moja dhidi ya moja. Ile moja iliyopinga ilikuwa ya Emmett Raddatz, aliyesema mtu ambaye hayupo hawezi kukubali kitu. Moyoni Arvid aliona kwamba Emmett ndiye mwenye akili peke yake mle ndani. Hakumwambia. Emmett hakuonekana tena kwenye mkutano wowote, Arvid akadhani mwenzake hampendi, akamwachia nafasi yake, na hivyo ndivyo watu wa Svenby wanavyoheshimiana. Emmett alifariki Oktoba iliyopita.

— Na Lorna je? aliuliza Profesa. Si yuko kulekule?

Lorna ni mjane wa Emmett. Nyumba yao ndiyo pekee kwenye nusu ya mashariki, mwisho kabisa, mahali barabara inapoishia ziwani. Njia nyingine ya kutoka hana.

— Nimempigia, alisema Doreen. Leo siku ya tisa hajatoka. Nikamuuliza hali. Kasema si mbaya sana.

— Ah, basi.

Kwa watu wa Svenby "si mbaya sana" husemwa juu ya hali ya hewa, juu ya msiba, na juu ya mguu ulionaswa na mashine ya kupandishia nafaka. Mtu huulizwa hali mara moja, hujibu hivyo, na kumuuliza mara ya pili ni kumvunjia heshima. Kwa utaratibu huo watu wengi wamekufa na adabu zao.

— Greda, si ungeenda tu ukamfungulie?

— Profesa, bima. Imeandikwa kabisa: greda lisishushe bapa lake la kusukumia nje ya barabara za kata. Likiteleza kwenye mtaro wa Harlow nitasema nilifuata nini?

— Kwa hiyo kwanza tujue barabara ni ya nani.

— Kwanza tujue ni ya nani, walikubaliana wote, wakajiweka vizuri, maana kukubaliana juu ya jambo la kujadili ndiyo kazi wanayoiweza.

Profesa akajimiminia robo ya robo kutoka kwenye birika.

— Tatizo ni dunia, alisema.

— Tumeanza, alisema Doreen.

— Sikilizeni. Wale wapima ardhi wa zamani waliambiwa waikate nchi iwe miraba. Sasa dunia ni ya mviringo. Chukua chungwa, likate miraba.

— Sijawahi kukata chungwa miraba, alisema Greda.

— Huwezi. Ndiyo hoja yangu. Mistari ya kwenda kaskazini inazidi kukaribiana, kwa hiyo kila kata inapunguka kidogo huko juu. Yale mapunguo lazima yaende mahali. Ndiyo wahenga wakasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Hiyo imeingiaje hapa?

— Ulimwengu, Wendell. Mviringo. Ile nusu maili ni mabaki ya ulimwengu. Fundi anashona suruali, kitambaa kinabaki. Emmett alikuwa anaishi kwenye kitambaa kilichobaki.

— Acha zako, alisema Greda. Mimi babu yangu alinieleza kila kitu. Wale walikuwa wanapima kwa mnyororo, mmoja mbele, mmoja nyuma, chupa ya wiski katikati. Walipofika karibu na ziwa wakakaa kupumzika. Wakapumzika sana. Walipoinuka walitembea nusu maili nzima bila kuhesabu.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo haikuhesabiwa. Kisheria haipo. Haraka haraka haina baraka.

— Walikuwa na haraka gani na walikuwa wamelewa?

— Ya kumaliza chupa.

— Kodi ya ardhi Emmett alikuwa analipa kila mwaka, alisema Doreen. Ya ardhi isiyokuwepo?

— Hao wa wilayani wakiweza watatoza hata hewa.

Profesa alikuwa amekwishasimama. Kahawa kidogo ikimpata, basi lote humrudia kichwani, na huongea kama kuna watoto hamsini nyuma yake.

— Tufikiri vizuri, jamani. Kama si Svenby wala si Harlow, basi haimo wilayani. Kama haimo wilayani, haimo Minnesota. Kama haimo Minnesota, haimo Amerika. Ile ni nchi.

— Nchi ya nani?

— Ya Lorna. Lorna ni rais.

— Ana jeshi? aliuliza Greda.

— Ana kuku kumi na mmoja.

— Jeshi la anga hilo. Ila haliruki.

— Tukitaka kumsalimia tutaomba viza, alisema Profesa. Na penye nia pana njia, wazee. Hapa nia tunayo, njia tunayo, mwenye njia ndiye hajulikani.

— Na sisi ndio tuliomwekea vikwazo, alisema Doreen, akijifuta machozi ya kicheko. Siku tisa, hakuna kinachoingia, hakuna kinachotoka.

Wakacheka mpaka muuzaji wa kaunta akainua macho. Arvid hakucheka. Lile neno la vikwazo lilimfanya amalizie kahawa yake kwa mkupuo mmoja.

— Muhtasari unasemaje? aliuliza Profesa. Si waligawana rasmi?

Doreen akatoa kitabu kapuni, akapuliza manyoya, akasoma:

— "Januari kumi na tisa. Mwenyekiti Mostad wa Svenby na mwenyekiti Bakke wa Harlow walikutana katikati ya Barabara ya Mpakani, wakagawana usafishaji kwa desturi ya mkono wa kulia. Svenby itasafisha nusu ya mkono wa kulia." Basi. Na Harlow jana wamenisomea kitabu chao, kimesema hivyohivyo. Nusu ya mkono wa kulia.

— Hakuna mashariki wala magharibi?

— Hakuna. Aliyeandika alikuwa marehemu shangazi yangu, na aliandika alichoambiwa.

Desturi ya mkono wa kulia huko hufundishwa mtoto kabla ya kufunga kamba za viatu. Majirani wawili wenye ua wa pamoja husimama katikati ya ua, kila mtu kwenye ardhi yake, wakitazamana. Sehemu iliyo mkono wako wa kulia ni yako kuitunza, iliyo mkono wa kulia wa mwenzako ni yake. Haijawahi kumshinda mtu. Hata hivyo Profesa alitaka ionekane kwa macho, akamnyanyua Greda na Doreen, akawapanga mbele ya magunia.

— Doreen ni Svenby, yuko kusini, anatazama kaskazini. Greda ni Harlow, yuko kaskazini, anamtazama Doreen. Nyoosheni mikono ya kulia.

Doreen akaelekeza mkono kwenye mlango, Greda akaelekeza kwenye kaunta.

— Mnaona? Mmoja huku, mmoja kule. Mlango ni mashariki, kaunta magharibi. Kwa hiyo Svenby ingepata ...

Akasita.

— Ingepata mashariki, alisema Doreen polepole. Arvid, ninyi mlisimama hivi?

— Hivyohivyo, alisema Arvid.

Alidanganya, na uongo ule ulikuwa wa kwanza kuusema kama mwenyekiti, maana kata ile haina kitu cha kudanganyia.

Hawakusimama hivyo. Jana jioni, Doreen alipompigia kumpa habari za Harlow, Arvid alikata simu akabaki jikoni anageukageuka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Anatazama dirishani, ananyoosha mkono wa kulia. Anageukia jiko, ananyoosha tena. Mkewe akamuuliza kama anacheza. Januari ile ilikuwa baridi ya kupasua miti na upepo ulitoka kaskazini. Norris Bakke, aliyekuwa upande wa kaskazini, alitazama kusini na upepo ukampiga mgongoni, amesimama sawasawa kabisa. Arvid ndiye aliyetakiwa kuutazama. Alijaribu. Machozi yakaganda kwenye kope. Akageuka, akaupa upepo mgongo, akampa na Norris mgongo, akanyoosha mkono wa kulia akapiga kelele, "Huu wetu." Nyuma yake Norris, miwani imeganda haoni hata pua yake, naye akanyoosha wa kwake, "Na huu wetu." Wakasema sawa, wakakimbilia magari. Norris yuko makaburini sasa, hakuna wa kumsaidia Arvid kuibeba aibu hiyo.

Na Svenby haisahau. Kuna ukoo unaitwa Daraja kwa sababu babu yao aliwahi kupitisha mashine ya kuvunia pembeni mwa daraja. Wajukuu ni madaktari, wanaitwa Daraja. Arvid alikuwa amekwishaanza kujiuliza wajukuu zake wataitwa nani.

— Kama mlisimama hivyohivyo, alisema Profesa, basi mashariki ni yetu na sisi ndio wajinga. Haiwezekani. Narudi kwenye chungwa.

Mlango ukafunguka. Akaingia msichana wa miaka ishirini na kitu, hakuna aliyemjua, suruali imelowa theluji mpaka mapajani. Akawaamkia, akasimama mbele ya birika akijipulizia vidole. Akachukua kikombe, akafungua bomba la birika, akaliinamisha mpaka tone la mwisho. Benchi zima lilikuwa linamtazama.

— Samahani, ilikuwa ya mtu?

— Hapana, hapana, walisema wote.

Akanywa mara moja, ikaisha.

— Naitwa Corinne. Babu yangu ni Emmett Raddatz. Nimeambiwa kata nitaikuta hapa.

— Umeikuta, alisema Doreen. Karibu, mwanangu. Kaa.

— Sikai sana. Nina mambo mawili. La kwanza, nani anataka kuku? Wako kumi na mmoja, wanataga.

— Kuku wa Lorna?

— Bibi anahama. Nampeleka kwangu mjini leo. Gari jana nililiacha kwenye sanduku letu la barua, pale katikati greda linapogeuzia. Nimetembea nusu maili jana kwenda na nusu maili leo kurudi. Natafuta mtu mwenye trekta anifungulie njia mara moja tu, nimtoe yeye na begi lake.

— Lorna ahame? Doreen aliweka kitabu chini. Jana kaniambia si mbaya sana.

— Hata mimi kaniambia hivyo. Nikaja. Banda la kuni liko ng'ambo ya theluji, halifikiki. Nimemkuta anapasua kiti cha jikoni akitie kwenye jiko.

Greda akakohoa.

— Kiti cha Emmett? aliuliza.

— Hapana, chake mwenyewe. Cha babu kakataa kukigusa.

Hapo utani ulikwisha bila mtu kuuzima. Doreen alitazama simu yake kama imemkosea. Miaka sabini na miwili ameishi kwenye kata ile, anaijua "si mbaya sana" kwa sauti zake zote, na bado alikuwa ameipokea, akaiweka chini simu, akarudi kufuma.

— Na la pili? aliuliza Arvid.

— La pili ni swali tu. Sikuja kugombana.

— Uliza.

— Ile barabara babu ndiye aliyekuwa anaisafisha. Kila theluji, kwa trekta lake, kabla ya kukamua. Miaka thelathini na mmoja.

— Emmett? alisema Greda. Sisi tulijua ni Harlow.

— Harlow walijua ni sisi, alisema Doreen.

— Tulikuwa tunakuja likizo, tunamuuliza, babu, mbona kata haiji? Greda linafika mpaka kwenye sanduku la barua, linageuka, linaondoka. Tukiwa wadogo tulikuwa tunalipungia mkono. Babu akasema, "Nilimpinga mwenyekiti kwenye kura. Kaniadhibu. Na mimi nitaitumikia adhabu yangu." Tukamwambia nenda ukaongee nao. Akasema haina haja, si mbaya sana. Sasa mimi sizijui siasa za hapa. Kura moja, miaka thelathini na mmoja. Nilitaka kuwauliza tu, alikosa nini?

Profesa aliweka kikombe chake chini. Greda alikuwa anaizungusha kofia yake, anaitafuta mbele yake iko wapi, na pengine alikuwa anaiona ile mikono ya watoto, ambayo yeye aliijibu kwa honi kila mara kabla ya kugeuza. Doreen akafunua kitabu, akakifunika. Humo mlikuwa na kila ng'ombe aliyepotea tangu kata ianze, ila hilo la Emmett halikuwamo.

Arvid aliona wote wamemtazama. Angeweza kusema kitu juu ya mapunguo ya dunia. Wangemsaidia, marafiki zake, wangeongeza na wiski.

— Hakukosa kitu, alisema. Upepo ulikuwa wa kaskazini.

— Sijaelewa.

— Utaelewa. Wendell, inuka. Wewe ni Norris Bakke. Simama ulipokuwa umesimama, kaskazini, unitazame mimi.

Greda akasimama. Arvid akaenda kusimama alipokuwa amesimama Doreen, akamtazama Greda kidogo. Kisha akageuka, akampa mgongo.

— Mimi ndivyo nilivyosimama. Baridi ilinishinda. Nyoosha mkono wa kulia, Wendell.

Greda akanyoosha wa kwake, Arvid akanyoosha wa kwake, na mikono yote miwili ikaelekea kaunta. Upande wa mlango hakukuwa na mkono wa mtu. Corinne aliitazama mikono, akaugeukia mlango, akarudi kumtazama Arvid.

— Basi? aliuliza. Ni hivyo tu?

— Ni hivyo tu. Babu yako alikuwa mtu pekee aliyenipinga, na alikuwa na haki. Nilikuwa sijawahi kumchukia hata siku moja. Nilikuwa namwogopa kidogo. Naona haya, binti yangu. Nimejua tangu jana jioni, na leo hii nimekaa hapa toka saa mbili nasikiliza mambo ya machungwa.

Profesa alikaa chini.

— Na Norris alikuwa amesimama sawa? aliuliza Doreen.

— Norris alikuwa sawa. Ni mimi peke yangu. Andika.

— Kikao hakijafunguliwa, Arvid.

— Nimekifungua. Andika nusu ya mashariki ni ya Svenby. Andika mashariki, usiandike mkono wa mtu.

Doreen akaandika, manyoya na yote. Greda alikuwa amekwishavaa glavu.

— Kama ni yetu, bima haina neno, alisema, akatoka bila kuaga. Muda si muda wakasikia injini ya greda inakohoa uani.

— Akina Daraja watapumzika sasa, alisema Profesa kwa sauti ndogo.

— Waache wapumzike. Wamechoka, alisema Arvid, akachukua koti.

Doreen aliliendea birika, akalijaza maji, ingawa kwa sheria hakuwa yeye. Alimwambia Corinne akae anywe kahawa ya maana kabla ya kuondoka, Corinne akasema hapana asante, Doreen akasema kaa, na msichana akakaa.

— Mzee, alisema Corinne, Arvid akiwa mlangoni. Unaenda kwa bibi?

— Nitapanda na Wendell. Tukifungua njia nitashuka niongee naye. Kuhama au kutohama ni juu yake, ila kwanza ajue ilikuwaje. Na kuni nitamwingizia. Kuku usiwagawe bado.

— Hatakwambia kitu. Utamuuliza hali, atakwambia si mbaya sana.

Arvid alikuwa anafunga vifungo vya koti, upepo unaingia kwa ule mlango wa mashariki na kumpiga usoni.

— Najua, alisema. Nitamuuliza mara ya pili.